Kona Nne Zilizofunguka kwa Ndani

Baba yangu alikuwa anapima kona kwa jua. Akishakata vipande viwili vya fremu, anavikutanisha mkononi bila gundi, anavinyanyua usawa wa uso, anageukia barabarani kwenye mwanga na kufumba jicho moja. Mwanga ukipenya hata mwembamba kama uzi wa kushonea, anashusha, anachukua randa, anaondoa utando wa mbao usiozidi ganda la kitunguu, anarudia. Mie wakati najifunza nilikichukia hicho kitu. Wateja wamesimama juani, yeye anafumba jicho. Nilikuwaga nasema kimoyomoyo, huyu mzee atatufukuzia watu.

Banda letu lipo Temeke, mabati juu, mbele wazi, vumbi la barabara linaingia bila hodi. Tulitengeneza fremu na masanduku, basi. Vitanda na makabati tuliwaachia mafundi wa Keko. Baba alisema kitanda kinaficha makosa ya fundi chini ya godoro, lakini fremu inatundikwa ukutani na kila mgeni anayengoja chai anaikodolea macho. Sanduku nalo ni hivyo hivyo, mtu akilishika tu vidole vinakwenda kwenye kona.

Kwa hiyo kazi yetu yote ilikuwa kona. Kona ya fremu inakatwa mshazari, kila kipande kinachukua nusu ya pembe, na sisi mafundi tunaita fotifaivu. Unachora mstari kwa penseli, halafu unaweka msumeno pembeni ya mstari, upande wa kile kipande kitakachotupwa, kwa sababu msumeno nao unakula mbao. Ukiuweka juu ya mstari wenyewe, umeshapunjwa kabla hujaanza. Ukishaanza unauacha uende. Ukiusukuma kwa hasira unapinda, na mie ni mtu wa hasira za karibu, kwa hiyo miaka miwili ya kwanza nilikata kuni. Baba alizikusanya akampelekea mama za kupikia, na mama akipakua wali ananiambia, "Leo umetulisha wewe."

Mafundi wengi wana dawa ya kona mbaya. Wanachanganya unga wa mbao na gundi, wanasiliba kwenye ufa, wanapiga msasa, wanapaka vanishi, mteja anaondoka anacheka. Baba hakuruhusu. Aliita poda ya bibi harusi, akasema bwana harusi ataona asubuhi. Kona ikikataa, tulikata upya.

Alikuwa na jambo lake lingine ambalo majirani walimtania nalo. Mbao ikitoka kwa muuzaji, hata muuzaji aape kwa mama yake kwamba ni kavu, baba hakuikata. Aliipandisha juu ya kenchi za banda, akaitenganisha kwa vijiti ili hewa ipite, akaandika kwa chaki siku iliyoingia. Ikakaa huko miezi minne na siku kumi. Aliita eda. "Hii imefiwa na mti wake," alikuwa anasema, "iacheni imalize eda ndo iposwe." Mteja mwenye haraka alijibiwa kwamba mbao yake iko eda, na wengine walicheka wakangoja, wengine walisonya wakaenda kwingine. Mie nilikuwa upande wa waliosonya.

Kaka zangu wote wawili waliikimbia kazi hii mapema, mmoja yuko Boko anauza vifaa vya umeme, mwingine anaishi nyumbani Gongo la Mboto na wazee na kazi yake ni udereva. Nikabaki mie. Nataka nieleze kidogo mwanamke kushika msumeno Temeke kulikuwaje, maana bila hilo hutaelewa alichokifanya baba. Mteja anafika, ananikuta nimepinda mgongo juu ya meza ya kazi, maranda yamenijaa kichwani, ananiuliza, "Fundi yuko wapi?" Nikimwambia ndo mimi, anacheka, kisha anaangalia nyuma yangu kumtafuta fundi mwenyewe. Baba anasema kutoka kwenye kona yake, "Ndo huyo huyo, mie namsaidia." Alisema hivyo kwa miaka mingi, hata siku ambazo mimi ndo nilikuwa nashikilia tu mbao na yeye anakata. Taratibu watu wakazoea. Wakaanza kuuliza, "Binti wa mzee yupo?"

Halafu macho ya baba yakaanza. Jicho la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, hospitali wakasema huo utando utaondolewa, baba akasema atakwenda, hakwenda. Akawa anatafuta mstari wa penseli kwa ukucha wa kidole gumba. Baadaye akaacha penseli kabisa, akawa anachora mstari kwa ncha ya kisu, ili ukucha upate pa kushika. Kazi iliyokuwa inamchukua asubuhi moja ikawa inakula siku nzima. Nilikuwa namnyang'anya futi mkononi. "Lete baba, nikusomee." Alikuwa ananipa, na mie nilikuwa nasoma kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, ili jirani yetu anayechomelea mageti asikie. Sijui nilikuwa natafuta nini kwa kufanya vile. Kiburi tu.

Mama mmoja wa Kihindi kutoka Mikocheni ndo aliyetuletea kazi yenyewe. Mtu mzima, mjane, familia yao ni ya madukani tangu enzi za babu zake, Kiswahili chake safi kuliko changu. Alileta kitambaa cheusi kimefungwa ndani ya shuka. Kilitariziwa maandishi kwa uzi wa dhahabu, kazi ya mikono ya mama mkwe wake aliyekwishafariki, na baadhi ya nyuzi zilikuwa zimeanza kulegea. Alitaka fremu pana ya mninga, ubao wa inchi nne kila upande, kitambaa kitundikwe kwenye chumba ambacho wanawake wenzake wa Kishia wanakusanyika Muharramu kuomboleza. Muharramu ilikuwa imebakiza wiki sita.

Nikasema itakuwa tayari. Baba alikuwa msikitini.

Aliporudi nikamweleza. Akatazama juu kwenye kenchi. Mbao zilizomaliza eda zilikuwepo, lakini nyembamba, za fremu za picha za harusi. Pana hatukuwa nayo. Nikaenda nikanunua, nikaigonga kwa vidole kama tunavyogonga, ikalia vizuri, nikaileta. Baba akaishika, akainusa, akaiweka shavuni. Mbao yenye maji ndani huwa ya baridi shavuni, hiyo alinifundisha yeye.

"Ya baridi hii," akasema.

"Baba, asubuhi yote hii, kila kitu cha baridi."

"Imekaa lakini?"

"Imekaa. Nimeiangalia mwenyewe."

Akaishusha mezani. "Umeshamwahidi yule mama?"

"Nimeshamwahidi."

"Basi," akasema, akachukua kisu chake akaanza kuchora mstari.

Alikata kona zote nne yeye mwenyewe. Nilitaka nikate mie, akakataa, akasema kitambaa kama kile anataka akikatie yeye. Ilimchukua siku tatu. Siku ya tatu akaviinua vipande juani, viwili viwili, akafumba jicho, na mie nikasimama nyuma yake nikachungulia juu ya bega. Haukupita mwanga. Tulitia gundi, tukabana, tukapaka mafuta badala ya vanishi kwa sababu mninga ukipakwa mafuta unang'aa wenyewe. Dereva wa yule mama akaja kuichukua, akasema, "Mzee, hii kazi." Baba akacheka siku nzima.

Muharramu ikapita, na mwezi unaofuata ukapita, maana wao wanaomboleza miezi miwili na siku kadhaa. Halafu yule mama akaja mwenyewe na fremu kwenye gari. Dereva akailaza juu ya meza ya kazi. Kona zilikuwa zimeachia. Upande wa nje vipande vilikuwa bado vimeshikana, lakini kwa ndani, kule vinakoelekea kitambaa, palikuwa na ufa unaoweza kuingiza ukucha. Kona zote. Weusi wa kitambaa ulikuwa unaonekana ndani ya ufa.

Yule mama hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Alisema kwa upole, "Fundi, watu walikuwa wanakaa chini, macho yanapanda ukutani, wanaangalia kona badala ya kusoma maandishi. Nikaona haya."

Baba alisogea. Akapitisha kidole gumba kwenye kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, polepole, kama anasoma.

"Imefunguka kwa ndani," akasema. "Zote nne. Sawasawa."

Akanitazama mie, akaendelea kunitazama.

Na mie nikasema, mbele ya yule mama, mbele ya dereva, mbele ya jirani wa kuchomelea aliyekuwa amezima mashine yake kusikiliza, nikasema, "Tusamehe mama. Mzee macho yake yamechoka siku hizi na mwenyewe hataki kukubali. Niachie, nitaikata mwenyewe."

Nikiulizwa leo kama nilikuwa nimeisahau ile baridi ya shavuni, siwezi kuapa. Nafikiri nilikuwa nimeisahau. Nilikuwa nimeangalia macho yake kwa muda mrefu, nangoja yakosee, na yalipoonekana yamekosea nikayadaka. Nilimpenda baba yangu. Na nilikuwa nimechoka kumngoja.

Yule mama akamgeukia. "Pole, mzee wangu," akasema. "Umri unatufikisha huko wote."

Baba akafuta mikono kwenye suruali. "Kweli," akasema. "Macho haya."

Mchana ule hakukata kitu. Alichukua tupa akanoa msumeno wake, jino moja moja, akaufunga kwenye gunia lake, akauweka juu ya kabati la vifaa. Akaniambia anawahi nyumbani. Kesho yake hakuja. Nikapiga simu Gongo la Mboto, mama akasema mzee anapumzika, na kesho kutwa vilevile, na mtondo. Sitasema uongo hapa. Nilihuzunika, lakini chini ya ile huzuni nilipumua. Nikavuta meza ya kazi katikati ya banda.

Ile fremu niliitenganisha, nikarudia kukata kona zote nne mie mwenyewe, nikazibana, nikaipeleka Mikocheni siku mbili baadaye. Ikashika. Ikakaa mwezi, ikakaa miezi, haikufunguka. Yule mama akanipigia simu kunishukuru. Basi nikawa nimepata ushahidi wangu. Alikata baba ikaachia, nimekata mie imeshika, mtu atake nini zaidi.

Kila Ijumaa baada ya kufunga banda mapema nilikuwa nakwenda Gongo la Mboto na kitoweo. Namkuta barazani na redio yake. "Shikamoo baba." "Marahaba. Kona vipi?" "Kona nzuri, baba." Halafu ananitazama, kama mtu anayengoja umalizie sentensi. Mie namwuliza dawa kanywa, namwuliza hospitali atakwenda lini, naingia ndani kwa mama. Ijumaa inayofuata hivyo hivyo. "Kona vipi?" "Nzuri."

Ijumaa moja nikamkuta na kisu cha jikoni na mbao za kreti la nyanya. Zile mbao mbovu za kupakilia, laini, zimejaa nyuzi, ukizigusa zinachoma vijiti. Alikuwa amezikata mshazari. Nikamwambia, "Baba, unamchafulia mama baraza." Akacheka kidogo, akaenda kutafuta ufagio. Alipoingia ndani nikaviokota vipande viwili, nikavikutanisha, nikaviinua kwenye jua lililobaki.

Hakukupita mwanga hata kidogo. Kwa kisu cha jikoni, kwenye mbao ya nyanya.

Nikavirudisha pale pale. Aliporudi na ufagio nikamnyang'anya nikafagia mie. Nilijiambia ni bahati tu. Nilijiambia pia kwamba kumrudisha bandani ni kumtesa, vumbi, joto, safari ya kutoka Gongo la Mboto hadi Temeke kila siku kwa mtu wa umri ule. Nilikuwa na sababu nyingi na zote zilikuwa nzuri.

Alikufa mwezi wa saba tangu aache kazi. Homa siku sita, presha ikapanda, hospitali siku mbili, basi. Sisi hatuziki na sanduku. Jeneza la msikiti linakubeba mpaka kaburini, wakishakushusha linarudi kumngoja mwenzio. Kwa hiyo mie niliyetumia maisha yangu kwenye masanduku sikuwa na cha kumtengenezea. Kaka wa Boko akaniambia nikate viunza, zile mbao zinazolazwa juu ya maiti kabla ya udongo. Nikazikata uani kwa msumeno wake, zile za mninga mwembamba zilizomaliza eda yake yeye. Zinakatwa moja kwa moja tu, pande mbili, huhitaji pembe yoyote. Wanawake hatufiki makaburini. Kaka aliporudi akasema zilikaa vizuri.

Mama akaingia eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya chumba, nguo nyeupe, na mie nikawa naenda kumwona Ijumaa na siku nyingine katikati ya wiki. Huku bandani nilikuwa nimeshaifuta ile eda ya mbao tangu baba aondoke. Nanunua leo, nakata kesho. Hakuna mteja aliyerudi kulalamika, na hilo likanizidishia kichwa. Sikujiuliza wateja wangu wanaishi wapi. Wengi ni wa Temeke hii hii, nyumba za madirisha wazi, joto na unyevu ndani ni ule ule wa bandani kwangu, na fremu zao nyembamba.

Wiki ya tatu baada ya mazishi dereva wa Mikocheni akaja tena. Kuna kitambaa cha pili, pacha wa kile cha kwanza, kinataka fremu kama ile. "Sista," akasema, "mama kasisitiza ukate wewe. Asikate mzee."

Nikasema, "Nitakata mie." Sikumwambia kitu kingine. Niliona nikifungua mdomo zaidi nitalia mbele ya mtu nisiyemjua. Nikanunua mninga mpana, nikaukata kwa uangalifu ambao sijawahi kuutumia, nikaunoa msumeno mara mbili, nikapima kona kwa jua kama alivyopima yeye. Safi. Nikaifungasha dereva akaichukua.

Miezi miwili na ushee ikapita, dereva akarudi nayo. Akailaza juu ya meza ya kazi, masikini, alikuwa anaona aibu kwa niaba yangu. Kona zilikuwa zimefunguka kwa ndani. Zote nne. Sawasawa. Nikapitisha kidole gumba.

"Hii inakaa wapi?" nikamwuliza.

"Chumba kile cha maombolezo. Zote mbili ukuta mmoja."

"Kuna kiyoyozi?"

"Kiyoyozi kinawaka asubuhi mpaka usiku, sista. Mama hawezi joto."

Nikakaa chini kwenye maranda.

Mbao ikikauka inapungua upana, urefu hauguswi. Kona ikishakatwa fotifaivu halafu mbao ikasinyaa, ile pembe inabadilika, ncha za nje zinabaki zimeshikana na kwa ndani kunaachia. Mkono ukikosea, kona moja itafunguka hivi, nyingine vile, nyingine itakuwa nzima. Haiwezekani zikosee zote nne kwa kipimo kimoja. Fundi yeyote aliyelelewa vizuri anajua hilo, na mie nililelewa vizuri. Baba aliposema zimefunguka kwa ndani, zote nne, sawasawa, alikuwa ameshanieleza kila kitu. Mbao ilikuwa mbichi, imekwenda kukaushwa na kiyoyozi Mikocheni. Na mimi nilipoirudia kukata ilikuwa imeshakauka, ingeshika hata ingekatwa na kipofu. Mbao niliinunua mimi. Kusema imekaa, nilisema mimi.

Nilifunga banda nikaenda Gongo la Mboto. Mama alikuwa amebakiza wiki tatu za eda, amekaa kitandani anachambua mchele kwenye ungo, kazi pekee aliyokuwa anaruhusu wajukuu wampelekee. Nikakaa chini sakafuni nikamweleza yote, tangu shavu hadi fremu ya pili. Nilidhani namletea habari. Hakuacha kuchambua.

"Kwani ulikuwa hujui?" akasema.

"Nilikuwa sijui nini?"

"Mbao kuwa mbichi. Mbona mwenzangu aliniambia siku ile ile aliporudi mapema. Nikamwuliza umekosa nini hata ufukuzwe? Akasema hakuna aliyefukuzwa, mbao ilikuwa mbichi na yeye aliijua tangu ilipoingia, basi na yeye ana kosa lake."

"Sasa kwa nini hakusema? Mama, kwa nini hakusema pale pale?"

Akauweka ungo pembeni. "Nilimwuliza hivyo hivyo. Akaniambia, akikosea mzee, watu wanasema umri, wanamhurumia, yanaisha. Ukikosea wewe watasema mwanamke, na hawarudi tena. Akasema miaka yote ile ya kuwazoesha wateja isipotee kwa kona nne."

Nikabaki naokota punje za mchele sakafuni.

"Nikamwambia, basi mwambie mkiwa wawili. Akakataa. Akasema fundi hafundishwi kosa lake, atalishika mwenyewe kwa kidole. Akasema utakuja kumwuliza." Mama akanitazama. "Kila Ijumaa ulikuwa ukiondoka namwuliza, kakuuliza? Ananiambia, bado, labda wiki ijayo."

Nililia siku ile kama mtoto, kichwa kwenye miguu ya mama, na mama hakunibembeleza wala hakunigombeza. Alinishika bega tu. Baadaye akasema chakula kipo.

Fremu ya pili niliipunguza kona, nikazibana upya, na nilipomaliza nilijua itashika. Hiyo haikuwa shida tena. Nilichokuwa nakitaka ni kitu kimoja tu, yule mama asiendelee kuishi na fikra kwamba mzee wangu alimharibia kitambaa kwa upofu. Nilikodi bajaji, nikaipakata fremu njia nzima mpaka Mikocheni.

Alinipokea mwenyewe mlangoni. Nikamwamkia, akaniitikia, akanikaribisha kwenye kile chumba. Baridi yake ilinipiga kifuani. Fremu ya kwanza ilikuwa ukutani, kona zimefungana kabisa, na chini yake palikuwa na nafasi ya pacha wake. Tukaitundika. Akarudi nyuma kuitazama, akaridhika, akaniletea chai ya maziwa na vitumbua vidogo.

Nikaweka kikombe chini. "Mama, ile fremu ya kwanza. Nilikwambia ni macho ya mzee. Haikuwa macho yake. Kona zake hazikuwa na kosa hata moja. Mbao ilikuwa mbichi, niliichagua mie, na nikamdanganya kwamba ni kavu. Yeye alijua, akanyamaza nisiaibike mbele yako."

Nilimwona anarudi nyuma kwenye kumbukumbu yake, anaitazama siku ile upya, mzee anafuta mikono kwenye suruali.

"Na mie nikampa pole," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Akaipokea." Akatikisa kichwa. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Binti yangu, umefanya vizuri kuniambia. Ukifika nyumbani leo, mwambie mzee hana kosa kwangu. Mwambie mama wa Mikocheni anamwomba radhi. Utamwambia?"

Ilikuwa ndo nafasi ya kusema kwamba mzee keshafariki. Nilikuwa nimebeba maneno yote mengine kutoka Temeke, hayo sikuwa nimeyabeba. Nilimtazama yule mama aliyefarijika kwamba kuna mtu wa kuombwa radhi, na mdomo wangu ukakataa.

"Nitamwambia, mama," nikasema.